Kugawa kangaga la chungu: vipande vitatu, si tisa

Kangaga langu la kwanza nililiua mwezi wa Januari, kwa kisu cha mkate na nia njema kabisa. Lilikuwa limejaa ndoo ya lita 20 pembeni mwa baraza, majani yakimwagika kila upande, nami nikaona mtaji. Nikalikata vipande tisa, nikavipanda kwenye makopo, nikayapanga ukutani kama vitumbua vinavyongoja wateja. Wiki mbili baadaye saba yalikuwa yamekauka. Jirani yangu, mama mtu mzima wa kutoka Pangani, akapita jioni, nikamwamkia shikamoo.

"Marahaba, mwanangu," akasema, macho yake kwenye makopo. "Sasa huyu mzazi umemchinja ili upate watoto?"

Mengi ya yaliyomo humu yalianzia kwake, mengine nimejifunza kwa kuua mimea mingine miwili mitatu. Hapa nilipo ni Dar es Salaam, kwa hiyo ninapotaja joto, chumvi na mbu, elewa ni vya Dar.

Kabla ya kisu, jua ulicho nacho

Kangaga ndilo jina la Kiswahili la mmea ambao Kiingereza huuita fern, lakini kwa wauza maua wa kando ya barabara utasikia zaidi "feni". Mara ya kwanza niliposikia nilidhani kijana ananiuzia pangaboi. Kwa jina hilohilo huuzwa pia asparagasi, ule mmea wenye majani membamba kama unyoya na vimiba vidogo ambao wapamba harusi huuchomeka kwenye mashada. Huo si kangaga. Asparagasi hutoa maua na mbegu, kangaga halina maua wala mbegu. Kangaga huzaliana kwa vumbi laini sana, spora, linalokaa kwenye vidoadoa vya kahawia nyuma ya majani. Vidoa hivyo vimewafanya watu wengi wapulizie dawa wakidhani ni wadudu. Ukiviona vimejipanga kwa mistari iliyonyooka, umbali sawa, viache. Wadudu hawana nidhamu hiyo.

Kangaga linalojaa barazani kwetu ni lile lenye majani marefu yanayoning'inia, lililopewa jina la Boston. Asili yake ni mmea wa Florida na visiwa vya Karibi, na aina hii yenye majani ya kuinama iligunduliwa mwaka 1894 ndani ya shehena ya makangaga iliyotoka Philadelphia kwenda Boston. Spora zake si za kutegemea, kwa hiyo limeenea dunia nzima kwa kugawanywa, na siku hizi pia kwa kuoteshwa maabara. Ndiyo maana mwongozo huu unalihusu hilo zaidi. Kangaga la majani madogo ya mviringo kwenye vijiti vyeusi kama waya nalo hugawika vizuri, ila ni la deko, nitalirudia.

Yapo ambayo hupaswi kuyagusa kwa kisu. Lile la majani mapana yanayotoka katikati kama kikapu, linaloitwa kiota cha ndege, lina kitovu kimoja tu. Ukilipasua katikati umepata nusu mbili za maiti. Vivyo hivyo makangaga yenye kigogo kama mti, yale yanayoota kwenye mabonde ya Usambara na miteremko ya Kilimanjaro. Na kwa kuwa nimeitaja Usambara: usichimbe kangaga msituni ulilete mjini. Kwenye hifadhi ni kosa, na hata lile la njiani lililozoea ukungu wa Amani halitakupenda kwenye joto la Dar.

Dalili kwamba limekuwa tayari

Sukuma kidole kwenye udongo. Likiwa tayari, kidole hakiingii, unakutana na mizizi iliyosukana kama brashi ya katani. Ukimwagilia, maji yanapita moja kwa moja yakitoka chini bila kulowesha kitu. Majani mapya yanatoka madogo kuliko ya mwaka jana, na katikati ya chungu pameanza kuwa na upara, uhai wote umehamia ukingoni. Kwa kawaida kangaga lililotunzwa hufika hapo baada ya miaka miwili au mitatu. Nimewahi kuona moja lililopasua chungu chake cha udongo lenyewe, likamwokolea mwenyewe kazi.

Kangaga linaloumwa usiligawe. Watu hufikiri kuligawa ni kuliokoa, kumbe kila kipande kinaondoka na ugonjwa wake. Litibu kwanza, lichipue, ndipo ulikate.

Msimu

Hili ndilo lililoniponza Januari. Kangaga lililokatwa mizizi haliwezi kunywa kama zamani, ilhali majani yanaendelea kupoteza maji kila dakika, na Januari na Februari hapa jua halina huruma. Subiri masika. Mwishoni mwa Machi mpaka Mei hewa yenyewe ina unyevu, mawingu yanafunika, na kangaga linachipua lenyewe bila kubembelezwa. Vuli, Oktoba mpaka Desemba, nayo inafaa ikiwa mvua zimekuja kweli. Juni mpaka Septemba ni wakati wa kusi, upepo unaokausha majani hata kivulini. Kama huna kona iliyozibwa, acha.

Nairobi na Arusha masika ni yaleyale, ila kipande kilichokatwa Julai kitakaa kimenuna kwa baridi mpaka Septemba. Aliyeko Muscat afanye Novemba mpaka Februari, aliyeko Ulaya asubiri Machi au Aprili siku zinaporefuka.

Alama iliyo bora kuliko kalenda ni chipukizi. Majani ya kangaga huzaliwa yamejiviringisha kama jongoo aliyeguswa. Ukiona majongoo ya kijani matano au sita yameinua vichwa katikati ya majani, mmea una nguvu, endelea.

Hatua ya kwanza: udongo, siku moja kabla

Tayarisha udongo kabla ya kumtoa mgonjwa kitandani. Mizizi ya kangaga ni myembamba kama nywele, ikikaa nje nusu saa kwenye upepo imekauka.

Kangaga linataka udongo mwepesi unaoshika unyevu bila kutuama maji, wenye uchachu kidogo. Mimi hutumia sehemu mbili za vumbi la makumbi ya nazi, sehemu moja ya mboji iliyooza mpaka haina harufu, na sehemu moja ya mchanga wa mto wenye chembe kubwa. Huongeza konzi moja au mbili za chenga za mkaa, zile zinazobaki chini ya gunia, hufungua udongo ukapumua. Samadi mbichi usiweke hata kidogo, itaunguza mizizi. Mfinyanzi nao weka mbali.

Makumbi yana siri yake, na hii nimeipata kwa yule mama wa Pangani. Pwani, makumbi ya kusokotea kamba hufukiwa kwenye matope au mchanga wa bahari kwa miezi ili yalainike. Vumbi linalotokana na kazi hiyo limelewa chumvi, na kangaga na chumvi hawakai nyumba moja. Hata kama hujui vumbi lako limetoka wapi, liloweke kwenye ndoo ya maji baridi, likamue, mwaga maji, rudia mara tatu au nne. Onja tone la maji ya mwisho kwa ncha ya ulimi kama unaonja mchuzi. Ukihisi munyu, rudia. Mchanga wa ufukweni usitumie kabisa.

Jioni hiyohiyo limwagilie kangaga mpaka maji yatoke chini. Mmea ulioshiba maji huvumilia kisu, na mizizi iliyolowa haikatiki ovyo.

Hatua ya pili: kulitoa kwenye chungu

Fanya asubuhi na mapema, au jioni baada ya jua kupoa, kivulini. Kilaze chungu ubavu, kigonge kwa kiganja huku ukikizungusha. Shika udongo, usishike majani. Majani ya kangaga yanang'oka kama manyoya ya kuku aliyemwagiwa maji ya moto. Likikataa, pitisha kisu kirefu kuzunguka ukuta wa ndani. Kama ni ndoo ya plastiki, ipasue. Ndoo ni ya bei ndogo.

Hatua ya tatu: kusoma mizizi

Hapa ndipo wengi wanaharakisha, na hapa ndipo kazi yenyewe ilipo. Weka bonge la mizizi juu ya gunia, toa udongo wa juu kwa vidole, utafute vitovu. Kitovu ni pale majani kadhaa yanapotokea kwa pamoja, juu ya shina fupi nene linalolala ndani ya udongo, ambalo wataalamu huliita rizomu. Kangaga la Boston lililokomaa huwa na vitovu vingi. Hesabu vile vilivyo hai, vyenye majani mabichi na majongoo yake. Mimi hufunga uzi kwenye kila kundi la vitovu viwili au vitatu ili nione mipaka kabla sijakata.

Usishtuke mizizi ikiwa myeusi. Nilipolifumua la pili nilikata mizizi yote myeusi nikidhani imeoza, nikabaki na kitovu kitupu. Mizizi ya kangaga kwa kawaida ni kahawia ya kukolea, ncha zake tu ndizo nyeupe. Tumia vidole badala ya macho: ulio hai ni mgumu kama waya, uliooza hulainika, ngozi yake huvuka ukiuvuta na hunuka kama maji ya mtaro.

Hatua ya nne: kukata

Kisu chenye meno, kile cha mkate, ndicho bora. Panga ni kwa bonge lililoshinda ndoo. Kisu kikifutwa kwa spiriti, au kikichovywa dakika kumi kwenye jiki kipimo kimoja kwa maji vipimo tisa kisha kikasuuzwa, hakihamishi magonjwa.

Sasa zuia mkono. Kangaga la chungu cha upana wa sentimita 25 ligawe vipande viwili au vitatu, vinne ikiwa limejaa kweli. Kila kipande kiwe na majani mazima yasiyopungua manne au matano, majongoo mawili na kuendelea, na bonge la mizizi lenye ukubwa wa ngumi yako, si ngumi ya mtoto. Kipande chenye jani moja na mzizi mmoja hufa mara nyingi kuliko kuishi, na kile kinachoishi kitakumalizia mwaka mzima kabla hakijawa kitu cha kutazama. Kikubwa kitakuwa kimejaa chungu chake kabla ya vuli ya pili.

Kata kutoka juu kwenda chini kwa kupita katikati ya vitovu, msumeno polepole. Ukifika kwenye mizizi ya chini, acha kisu, vuta kwa mikono miwili, iachane yenyewe kadiri inavyoweza. Ile sehemu ya katikati yenye upara, ngumu kama ganda la mti, itupe kwenye mboji. Haichipui tena, nimejaribu.

Kwa majani, kata yale makavu na ya njano hadi chini kabisa. Ukiona majani ni mengi kuliko mizizi iliyobaki, punguza na mabichi machache ya zamani, lakini yasizidi theluthi moja. Usikate ncha ili yalingane kama nywele za kinyozi: jani la kangaga hukua kwa ncha yake, ukiikata halirefuki tena, litakaa hivyo na kidonda cha kahawia mpaka life.

Ukikuta kwenye mizizi viazi vidogo vya mviringo vyenye manyoya, si ugonjwa. Una Nephrolepis cordifolia, ndugu wa Boston anayehifadhi maji kwenye viazi hivyo, na kila kimoja kinaweza kuchipua. Huyo usimtupe karibu na mto wala bondeni. Sehemu nyingi za dunia amegeuka gugu.

Hatua ya tano: kupanda

Chungu kipya kizidi bonge la mizizi kwa sentimita tatu au tano tu. Kuweka kipande kidogo kwenye chungu kikubwa "ili kikue" ni kukizamisha, udongo usio na mizizi unakaa na maji mpaka unachacha. Chungu kiwe na matundu chini. Juu ya tundu weka kigae kilichopinda ili udongo usitoke. Changarawe nyingi chini hazisaidii kitu, zinapunguza nafasi ya mizizi.

Weka udongo kidogo, kalisha kipande, jaza pembeni, bonyeza kwa vidole bila kukandamiza. Kitovu kiwe sawasawa na uso wa udongo. Kikifukiwa, majongoo yanaozea gizani; kikiachwa juu sana, mizizi ya juu inakauka. Acha nafasi ya vidole viwili hadi ukingo, maji yapate pa kutua.

Mwagilia mpaka yatoke chini, mara moja, taratibu. Mbolea hapana. Subiri wiki sita kwa uchache, halafu anza na mbolea ya maji kwa nusu ya kipimo kilichoandikwa kwenye kopo, mara moja kwa mwezi.

Wiki sita za kungoja

Weka vyungu mahali penye mwanga bila jua la moja kwa moja: chini ya mwembe, barazani upande wa kusini wa nyumba, bafuni penye dirisha. Gusa udongo kila asubuhi. Uso ukianza kukauka, mwagilia. Ukiwa bado na unyevu, pita.

Maji ya kisima cha chumvi, ambayo nyumba nyingi za Dar ndiyo tuliyo nayo, yataunguza ncha za majani ndani ya mwezi. Kinga maji ya mvua wakati wa masika, ndoo mbili tatu zenye mfuniko, uzitengee makangaga peke yake. Mfuniko si urembo. Na sahani ya chini ya chungu usiiache na maji: mizizi inaoza, halafu mbu wa dengue hutaga humohumo, ugonjwa uliotutesa jijini mwaka 2014 na tena 2019. Imwage, isugue kwa brashi kila wiki kwa sababu mayai hushika ukutani, au iondoe kabisa.

Lile kangaga la vijiti vyeusi ndilo pekee ninalolifunika. Mfuko mweupe unaoonyesha, umesimamishwa kwa vijiti usiguse majani, siku kumi hadi kumi na nne, ukiufungua kila asubuhi kidogo lipate hewa. Hata hivyo mara nyingi humwaga majani yote ukadhani limekufa. Lisitupwe. Kata vijiti chini, endelea kulipa unyevu, likiwa na mizizi hai litarudi. Boston usilifunike wakati wa masika, unyevu unaotosha umo hewani tayari, mfukoni litaota ukungu.

Wiki mbili za mwanzo majani kadhaa yatageuka njano na vijijani vidogo vitamwagika sakafuni. Fagia, usihangaike, wala usiongeze maji kwa hofu. Kati ya wiki ya tatu na ya sita utaona jongoo jipya. Kama wiki nane zimepita bila jongoo hata moja, litoe, uguse mizizi kama nilivyosema. Ikiwa migumu, lirudishe, tatizo ni baridi au giza. Ikiwa milaini, kata iliyooza, badilisha udongo, punguza maji.

Njia ya wavivu, ambayo siku hizi naipenda zaidi

Kangaga la Boston hutoa kamba nyembamba za kijani zisizo na majani, zinaning'inia kama nyuzi zilizofumuka. Watu huzikata wakiona zinachafua sura. Usizikate. Weka kikopo cha udongo uleule pembeni, laza kamba juu yake ikiwa bado imeshikana na mama, ibane kwa kibanio cha nywele au waya uliokunjwa. Weka udongo unyevu. Baada ya mwezi mmoja hadi miwili hutoa mizizi na kijimmea. Kikiwa na majani matatu, ikate kamba. Mama hajui hata kama amezaa, na unaweza kufanya hivi hata wakati ambao kisu hakifai.

Kangaga la pembe za kulungu, linalobandikwa kwenye ubao, nalo huzaa watoto pembeni. Mngoje mtoto afikie ukubwa wa kiganja, mkate pamoja na lile jani la duara linalomshika na mizizi iliyo nyuma yake, umfunge kwenye ubao mpya juu ya makumbi yaliyooshwa.

Ukitaka kumpa mtu

Usitoe zawadi siku ya kukata. Subiri jani la pili jipya likunjuke lote, hapo ndipo limeshika. Kama linasafiri kwa basi, lisafirishe na chungu chake, majani yamezungushiwa gazeti lililoloweshwa kidogo, siyo mfuko wa plastiki uliofungwa, litachemka.

La tatu kati ya yale matatu ya masika iliyopita nililipeleka kwa mama wa Pangani. Alilipokea kwa mikono miwili, akaliinua juu, akachungulia matundu ya chini kama yamezibwa na udongo, akapitisha kidole kwenye kitovu. Ndipo akasema ahsante, na kuniuliza hayo mengine mawili nimeyaweka wapi.